Mizunguko Elfu Saba

Kambi ya handaki, Kagoshima
14 Aprili 2014
Mwaka mmoja na miezi saba tangu niondoke nyumbani

Kwako Baba,

Shikamoo. Habari za afya, na magoti yanaendeleaje? Mimi mzima, ila kifua kimejaa vumbi la mwamba na mgongo unanilalamikia kila asubuhi. Huku maua ya sakura yamekwisha kudondoka. Huko Yokote nadhani theluji bado imelala kwenye kivuli cha ghala.

Barua yako niliipata. Unasema chama cha ndege ndogo za rimoti kimekukataza kurusha peke yako, kwa kuwa masikio yamekufa na husikii injini ikianza kulegea. Mzee Sugawara wa chama anataka usimame na mtu wa kukusikilizia, na mtu huyo unataka niwe mimi. Baba, mkataba haujaisha. Mpaka handaki litoboke upande wa pili, siwezi kutoka.

Kwa hiyo nakutumia kifaa. Ni kadogo kama punje ya dengu na kana waya mrefu, nimekaweka ndani ya pakiti ya chai, usije ukakachemsha. Kinahesabu mizunguko ya injini ndege ikiwa angani, na namba inatokea kwenye kioo cha rimoti yako. Injini yako ya petroli tayari ina sumaku moja kwenye kitovu cha pangaboi, ile inayoamrisha plagi kuwaka. Kata kipande cha bati, kifunge kwa skrubu ya mbele ya injini, ubandike kifaa hapo kiitazame sumaku ikipita. Nafasi kati yake na sumaku iwe unene wa kadi ya posta iliyokunjwa mara mbili. Waya wake upitishe mbali na waya wa plagi, la sivyo rimoti itapagawa. Kioo kitakuuliza idadi ya mabapa ya pangaboi. Lako lina mawili, andika 2. Injini ikizimika angani, rimoti itatetemeka mkononi mwako.

Ndege ikiwa chini, petroli imefunguliwa yote, kioo kisome 7,000. Kikisoma pungufu, funga sindano ya kabureta kidogo kidogo mpaka ifike.

Karatasi ya maelezo nimeisoma mara tatu, na wewe unanijua mimi na karatasi.

Mwanao,
Norimasa


Yokote
8 Mei 2014

Mwanangu Norimasa,

Marahaba. Mimi mzima. Magoti yanapanda ngazi kwa zamu, leo la kulia, kesho la kushoto. Na wewe funga kitambaa puani huko chini, usijifanye kijana.

Kifaa kimefika, na chai nimekunywa. Bati sikuwa nalo, nikakata rula ya chuma. Kazi ya siku mbili, maana skrubu zilinidondoka na siku hizi kitu kikidondoka sijui kimeangukia upande gani. Mwanzoni kioo kilisoma sifuri tu. Kumbe nilikuwa nimekibandika kikiipa sumaku mgongo. Nikakigeuza, namba zikaja. Nilifurahi, nikapiga makofi peke yangu uani.

Ila haifiki elfu saba. Petroli yote, inasoma 3,500. Nimefunga sindano robo, ikapanda 3,600. Nikafunga tena, 3,650. Sugawara alikuja kutazama pale ukingo wa mto, akaandika kwenye daftari langu:

"Kudo, hiyo injini inapiga yowe!"

"Inasinzia," nikamwambia. "Kipimo cha mwanangu kinasema 3,650."

Akaandika: "Kipimo cha mwanao kimelewa sake."

Wenzake wakacheka. Nami nikacheka, ingawa wao walikuwa wamekwisha kumaliza nilipofika mwisho wa mstari.

Wamenipa mtihani Jumapili ya tarehe 18. Nikirusha dakika kumi kwa kutazama kioo tu, bila msikilizaji, wananirudishia ruhusa. Nikishindwa ndiyo basi, nitabaki mchemsha chai wa wenzangu. Tangu mama yako afariki, Norimasa, Jumapili ndiyo siku pekee ninayovaa shati lenye kola. Kama kuna mahali nimekosea kufunga, nijibu upesi.

Baba yako


Kagoshima
19 Mei 2014
Mwaka mmoja na miezi minane tangu niondoke

Baba,

Shikamoo. Uko salama? Niambie kwanza hilo.

Barua zetu hutolewa ofisini kila Jumatatu. Yako nimeipata leo, na mtihani ulikuwa jana.

Hukukosea wewe. Nimekosea mimi. Ile 2 ni ya vifaa vinavyotazama mabapa yakipita. Hiki kinatazama sumaku, na sumaku ni moja. Ilitakiwa 1. Kioo kilikuwa kinakuonyesha nusu. Injini yako ilikuwa inazunguka elfu saba sawasawa tangu siku ya kwanza, nami nikakwambia uibane. Ukiibana inakosa petroli, na mafuta ya kulainisha yamo humo humo kwenye petroli, basi inajiunguza yenyewe. Sugawara alisikia kweli.

Maelezo yote yameandikwa kwenye ile karatasi, upande wa nyuma. Sikuigeuza.

Nimempigia Sugawara simu mara nne. Mkewe kasema wote wako mashambani wanapanda mpunga, na yeye mambo ya ndege hayajui. Niandikie, hata mstari mmoja.

Mwanao,
Norimasa


Yokote
9 Juni 2014

Mwanangu,

Mimi mzima. Hakuna aliyeumia.

Ilipaa vizuri. Dakika nne nzima ilikuwa nzuri, nikasikia mwilini raha ambayo sijaisikia tangu mwaka juzi. Mzunguko wa tatu, mbali kule kwenye daraja, rimoti ikatetemeka. Kioo kikasoma sifuri. Nikainua kichwa kuitafuta ndege, na nikaona watu wote kwenye ukingo wanaitazama tangu zamani, vidole juu, midomo wazi. Mimi nilikuwa wa mwisho kujua habari ya ndege yangu.

Upepo ulitoka nyuma yangu, ukaisukuma mbali, haikufika. Imetua katika shamba la mjane Ogawa, katikati ya mpunga uliopandwa siku mbili tu kabla. Nilivua viatu nikaingia. Miche iliyolala niliipanda upya mmoja mmoja, na yule mama akainama kunisaidia huku akisema maneno mengi ambayo sikuyapata. Nadhani yalikuwa ya upole. Bawa la kushoto limevunjika. Pistoni imechunika kama imekwanguliwa na msumari.

Sugawara alichukua birika akanimiminia chai yeye mwenyewe. Ningependa angenitania.

Sasa nikwambie jambo, usije ukabeba mzigo wote huko chini ya mlima. Nilijua. Wiki ile nilipokuwa naibana, nilisikia harufu ya mafuta yaliyoungua, na plagi nilipoitoa ilikuwa nyeupe kama jivu. Miaka arobaini nimeshika injini, pua yangu haijafa. Lakini namba ilisema vingine, na namba ilitoka kwako. Nikaiamini namba.

Injini nimeiosha kwa petroli nikaifunga kwenye gazeti. Usinitumie kifaa kingine.

Baba yako


Kagoshima
2 Agosti 2014
Mwaka mmoja na miezi kumi na moja tangu niondoke

Kwako Baba,

Shikamoo. Nakuombea afya katika joto hili. Huku ndani ya handaki ni kama kukaa kwenye sufuria yenye kifuniko. Nimekuandikia mara mbili tangu Juni, hujajibu. Sikulaumu.

Nilikudanganya kuhusu mkataba. Uliisha Machi. Niliweka sahihi kwenye mwingine siku ile ile, hakuna aliyenilazimisha. Handaki lingetoboka bila mimi.

Niliondoka kwa sababu nilichoka kukupigia kelele sikioni. Kila neno mara tatu, hata "chumvi", hata "mvua". Baada ya msiba wa mama nikawa nakula pembeni yako kimya, nikijiambia nakupumzisha. Nilikuwa najipumzisha mimi. Uliponiita nikasimame karibu nawe mtoni, nilitafuta kitu cha kukaa mahali pangu, nikakupa kitu cha dukani, tena na maelezo nusu. Hapa kambini tuko wanaume sitini, tunakula pamoja, na jina la baba yangu hakuna anayelijua. Nilidhani ningepumzika.

Sina la kujitetea. Jana nimerudisha kofia na taa ya handaki, msimamizi akasema, "Unatuacha kabla ya mwamba wa mwisho? Huoni haya?" Nikamwambia, "Naona, ila si kwa ajili yako."

Nitafika Jumanne tarehe 12, kabla hatujaenda kusafisha kaburi la mama, kwa basi la saa kumi na dakika ishirini alasiri. Sitabisha hodi, maana hutaisikia. Nitaingia kwa mlango wa jikoni na kusimama mahali utakaponiona. Ukitaka kunifukuza, nifukuze baada ya chakula. Sina mkataba popote, na tikiti niliyokata ni ya kuja tu.

Mwanao,
Norimasa