Nyumba Iliyorukwa na Mama Maria

Jumanne, 1 Oktoba

Mbuzi wamekamuliwa. Chai imenywewa. Kisha shambani, na huko ndiko asubuhi ilikoharibika. Maji tena kiduchu. Jumanne na Ijumaa ni zamu yangu ya mfereji, kila mtu huku mlimani anajua. Yaliyonifikia leo hayajazi hata sufuria. Kabeji zangu zimeanza kukunja majani. Za jirani yangu Tekla, ngazi moja tu ya shamba juu yangu, zinacheka.

Sijasema kitu. Ila nina macho.

Jioni tumeanza rozari ya mwezi. Sanamu ya Mama Maria imetoka kigangoni, imelala nyumba ya kwanza. Kila siku nyumba moja, kwa kufuata njia, mpaka mwezi uishe. Kufunga mwezi ni kwangu, kama kila mwaka. Padri huja, tunapika pilau, watu wanajaa hadi uani. Bila kujisifu, hakuna nyumba nyingine hapa inayoweza kubeba shughuli ile.

Ijumaa, 4 Oktoba

Mfereji mkavu. Mkavu kabisa. Nilisimama na jembe mkononi kama mjinga.

Jioni, baada ya rozari, yakanitoka. Mbele ya jumuiya nzima. Nikamwambia Tekla ni mwizi wa maji, na kwamba watu waliotoka Mlali kuja kukodi mashamba yetu waheshimu zamu walizozikuta. Alikuwa anakunja mkeka. Akasema, "Mama, mimi Ijumaa sigusi." Basi. Akamaliza kukunja mkeka wa watu, akaondoka.

Afadhali angejibu. Mtu asipojibu hasira inabaki na wewe.

Jumamosi, 5 Oktoba

Tekla kapita na ndoo kichwani, anatoka mtoni. Mara mbili kabla ya saa nne. Anamwagilia kabeji kwa kopo, mche mmoja mmoja. Maonyesho hayo. Anataka watu wamwonee huruma.

Mume wangu, Baba Sesilia, kamtazama kutoka kibarazani, kisha kanitazama mimi. Akarudi kwenye redio yake.

Jumapili, 6 Oktoba

Kesho Mama Maria anakuja kwangu. Keshokutwa, kwa kufuata njia, anatakiwa kwa Tekla. Tekla amepaka nyumba chokaa, mbele na ubavuni. Kitambaa cheupe kimeanikwa kwenye kamba. Hajawahi kumpokea, mwaka jana alikuwa hajahamia.

Nimewaza tangu misa. Tekla na yule baba wa mtoto wake hawajafunga ndoa. Mwanaume yuko Turiani anakata miwa, anakuja akipata nafasi. Sasa Mama wa Mungu analalaje katika nyumba ya namna ile? Ni suala la heshima. Halihusiani na maji.

Nimemwendea katekista, Mzee Alfonsi. Nikamwamkia vizuri, nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mama Sesilia, sanamu inatembelea watu au inatembelea vyeti?"

Nikamwambia lazima tuwe na utaratibu. Akasema, "Mwenyekiti wa jumuiya ni wewe. Amua. Mimi nitasali."

Nimechukia namna alivyosema atasali.

Jumatatu, 7 Oktoba

Mama Maria yuko kwangu. Nimempamba maua ya kalla kutoka bondeni, taa mbili, zulia la sebuleni nje. Watu wamesifia. Nimetangaza kwamba kesho ataenda moja kwa moja kwa Mzee Alfonsi, kwa sababu ambazo watu wazima wanazielewa. Wengine wametikisa kichwa kukubali. Wengine wameangalia miguu yao.

Tekla hakuwepo. Nadhani aliambiwa njiani.

Jambo moja. Katika Baba Yetu, tukifika pale pa kusamehe, koo linanikauka. Nakohoa, wenzangu wanaendelea, nawapata mbele. Rozari moja ina Baba Yetu nyingi kuliko nilivyowahi kufikiri.

Jumanne, 8 Oktoba

Matendo ya uchungu leo kwenye rozari. Na zamu yangu ya maji, mkavu vilevile.

Jioni nilibeba sanamu mwenyewe, mbele ya maandamano. Njia inapita mlangoni kwa Tekla, hakuna nyingine. Alikuwa amefagia mpaka barabarani. Meza ndogo nje, kitambaa kile cheupe, kopo la maziwa lenye maua ya porini. Alivaa kanga safi. Sijui alidhani tutabadilisha mawazo tukifika.

Tulipopita alipiga magoti. Pale pale kwenye vumbi. Hakunitazama mimi, alitazama sanamu.

Nikaongeza mwendo. Wimbo ukanipotea katikati, wengine wakaumalizia.

Jumatano, 9 Oktoba

Usingizi haukuja. Maharage yalikuwa magumu, yamenikalia tumboni.

Ijumaa, 11 Oktoba

Hakuna maji. Nimesema sasa naenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, na ikibidi kwa mtendaji. Baba Sesilia akaweka kikombe chini. Yeye akisema sentensi mbili kwa siku tunashukuru.

"Tekla amefunga mlango wake wa maji kwenye mfereji tangu ile Ijumaa uliyomtukana," akasema. "Hata siku zake hafungui. Ndiyo maana anabeba ndoo."

Nikamwambia anamtetea. Akasema nipande nikaone, miguu ninayo.

Sijapanda. Ni uongo tu wa kumlinda mwanamke mdogo. Hapana, hilo ni baya, Baba Sesilia si wa namna hiyo. Nimeliandika kwa hasira, na kalamu hii haifutiki.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimepanda.

Mlango wa Tekla umezibwa. Mawe, udongo wa mfinyanzi, majani makavu juu. Udongo umekauka mpaka ukapasuka. Hakuna aliyeugusa kwa siku nyingi. Na mfereji pale umejaa, maji yanapita kwa kelele, baridi, mengi. Nikatia mkono kuhakikisha, kama Tomaso.

Nikayafuata kushuka. Yakapita shamba la Tekla lote bila kupungua. Yakaingia kipande changu, pale nilipopanda majani ya mbuzi ukingoni, marefu kunipita. Na humo yakanyamaza.

Nikapasua majani kwa panga. Fuko. Fuko kachimba ukingo wangu, tundu la kuingia mguu wa mtu, na maji yote yanazama humo na kutokea korongoni upande wa pili. Korongo limeota majani mabichi kama bustani. Nimelima bustani ya vyura.

Kila nyumba husafisha kipande chake cha mfereji. Mimi ndiye ninayepita kukagua vya wenzangu. Changu sijakisafisha tangu masika, kwa sababu nani angenikagua mimi?

Nilikaa chini kwenye matope. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Jumapili, 13 Oktoba

Jana hiyo hiyo niliziba tundu. Mawe, udongo, nikashindilia kwa miguu. Nikarudisha majani yalivyokuwa, pasionekane. Nimemwambia Baba Sesilia nilikwenda kukata majani ya mbuzi.

Nani atajua? Maji yatarudi, watu watasahau. Tekla naye atazoea. Nimekwenda misa na wazo hili, nimelipeleka hadi komunyo. Wenzangu walipokwenda kupokea, nikabaki kwenye benchi. Shingo za watu wote ziligeuka, au nilidhani hivyo.

Jumanne, 15 Oktoba

Maji. Mengi. Kabeji zimekunywa kutwa nzima.

Baada ya rozari Mama Agripina, mhazini wetu, kanishika mkono mbele ya kundi. "Mwenyekiti, ulimkomesha yule! Si unaona maji yamerudi?" Wakacheka. Mmoja akasema wezi dawa yao ni kuaibishwa. Nami nikatabasamu. Nimelitabasamia neno hilo.

 Nilidhani kosa langu ni kukasirika. Kumbe nimeanzisha kitu, na sasa kinatembea chenyewe mdomoni mwa watu.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimekwenda kwa Tekla mchana. Alikuwa anamenya magimbi. Kaniamkia, "Shikamoo, Mama," kwa heshima ile ile. Hapo ndipo nilipovunjika. Nikasema yote. Fuko, majani ya mbuzi, tundu nililoliziba kwa siri, ndoa niliyoitumia kama fimbo. Nikaomba msamaha. Nililia, lakini sitaki kujisifia machozi.

Aliendelea kumenya. Gimbi moja, la pili. Kisha akasema:

"Maji yangeniuma wiki moja, Mama Sesilia. Lakini Mama Maria nilimpakia chokaa nyumba nzima. Ukampitisha."

 Akasema tena, taratibu, "Kwamba hatujafunga ndoa najua. Kila siku naomba kwa ajili ya hilo. Kwake ndiko nilikotaka kuombea."

Hakusema amenisamehe. Kanipa magimbi ya kwenda nayo nyumbani, kwenye kibakuli. Sijui ni msamaha au ni adabu tu. Nimeyapika. Baba Sesilia kala, kauliza yametoka wapi, nikamwambia kila kitu. Akasema, "Haya." Akaongeza gimbi lingine.

Jumapili, 20 Oktoba

Nilimtukana mbele za watu, kwa hiyo mbele za watu. Baada ya rozari nikasimama.  Nikasema Tekla hakuiba hata tone. Nikasema mwizi ni fuko, na mlinzi wa fuko ni mimi.

 Kijana wa nyuma akaangua kicheko. "Mwenyekiti kashindwa na fuko!" Wakacheka wote, hadi Mzee Alfonsi aliziba mdomo kwa kofia. Nilihisi damu inapanda kama kawaida yangu. Ulimi ulikuwa tayari, na jibu la kumnyamazisha yule kijana nilikuwa nalo, zuri sana. Nikalimeza. Lilipita kwa shida.

Mama Agripina hakucheka. Kaniangalia kana kwamba nimemsaliti.

Kisha nikasema la pili. Siku zote zimeshapangwa, hakuna nafasi ya kurudisha nyumba iliyorukwa. Imebaki ya kufunga, ambayo ni yangu. Naomba tufungie kwa Tekla, kama yeye atakubali.

 Tekla akasema nyumba yake ni ndogo, padri atakaa wapi. Mzee Alfonsi akasema padri ana miguu, atasimama.

Amekubali.

Ijumaa, 25 Oktoba

Leo nimeungama. Padri hakushangaa kama nilivyotegemea. Imeniuma kidogo, nilidhani dhambi zangu ni kubwa kuliko za wengine. Hata hapo!

Jumanne, 29 Oktoba

Nimemshauri Tekla pilau aipike hivi, meza aiweke vile, na maua ya kalla nitamletea mimi. Akasema, "Asante, Mama. Nitapika ugali na kabeji." Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Nimeuliza kama anahitaji sufuria kubwa. Anahitaji.

Alhamisi, 31 Oktoba

Tumefunga mwezi.

Sanamu kaibeba Tekla mwenyewe kutoka nyumba ya jirani. Nimezoea kuwa mbele. Leo nilikuwa mwisho kabisa, na sufuria kichwani, navuta vumbi la wote. Kutoka nyuma huoni kitu, unasikia tu. Sikujua Mama Agripina anaimba vizuri hivyo.

Nyumba haikutosha. Nilikaa mlangoni, nusu ndani nusu nje, mguu mmoja ukafa ganzi. Baba Yetu niliisema yote bila kukohoa. Maua yalikuwa yale ya porini, kwenye kopo la maziwa. Baba wa mtoto alikuja kutoka Turiani, shati bado lina mikunjo ya begi. Baada ya chakula padri akawaita yeye na Tekla pembeni, wakaongea muda mrefu.

Nilitega sikio. Halafu nikajikumbusha halinihusu, nikaenda kuosha sahani.

Mlango wake wa maji bado umezibwa. Nilitazama nilipopita. Nilitaka kumwambia aufungue, kwamba yamekwisha. Lakini yaliyokwisha ni yangu. Yake siwezi kuyamaliza mimi.

Jumatatu, 4 Novemba

Asubuhi ya ukungu. Nimekata majani yote ya mbuzi ukingoni mwa mfereji, mpaka chini, paonekane. Nimemwambia Mzee Alfonsi aje akague kipande changu siku yoyote apendayo.

Saa mbili hivi nilisikia jembe huko juu. Linagonga jiwe, linasimama, linagonga tena. Sikuinua kichwa. Nikaendelea kupalilia. Kisha mfereji wangu ukapunguza sauti polepole, ukawa uzi, ukakauka.

Jumatatu ni zamu ya Tekla.

Nimesimama kwenye mfereji mkavu, nikamshukuru Mungu.