Talaka Iliyotoka Kwenye Kasha

Mke wangu Zuhura, uliyeko Uroa,

Mimi ndiye mtu wa kwanza mtaa mzima wa Malindi kutembea na simu mfukoni. Haya, cheka: nilikuwa wa mwisho, na simu yenyewe ulinirithisha wewe uliponunua mpya. Wewe mwalimu mstaafu, mimi mtu wa darasa la tano, ukanikalisha barazani kunifundisha kuandika ujumbe. Kidole changu kikawa kinatembea kama kuku mgeni uani. Ujumbe wangu wa kwanza ulikuwa mrefu mpaka simu ikaukataa. Ukasema, "Bwana Seif, hata kwa kidole unapayuka."

Unakumbuka umeme ulipokatika kisiwa kizima? Shangazi yako alifariki wakati ule, ukawa unakwenda Uroa kupika hitima. Mbuzi yako ya kukunia nazi ilikuwa imelegea, nikakuazima ya marehemu mama. Wewe ulisita, mimi nikajifanya hodari. Ulijua kuwa mama alipokuwa hai mbuzi ile haikuvuka kizingiti. Jirani akija kuazima, alikuniwa nazi yake papo hapo, akapewa bakuli lake aende zake. Nikasema keshakufa, atajuaje? Nikaitoa kwenye kasha lake, na pale ilipokuwa nikaiweka simu yangu, imekwisha chaji, isije ikaliwa na panya. Nikafunga kasha, ufunguo nikautia mfukoni.

Wewe simu yako ilikuwa na chaji. Wapishi wa hoteli ya jirani walikuchajia kwa jenereta. Siku ya hitima, nazi ikiwa mkononi, ukapata ujumbe kutoka namba yangu: "Mwana wa Uroa, umeachwa. Rudisha mbuzi yangu."

Jina hilo hakukuita mtu mwengine duniani ila mama.

Hukurudi nyumbani, ulikwenda moja kwa moja kwa kadhi. Nilipoitwa nilidhani nimeshtakiwa kwa kukoroma. Karani akaunakili ujumbe kwa mkono, akausoma kwa sauti ya khutba, watu wakaniangalia kama niliyekutwa nakula mchana wa Ramadhani. Kadhi akauliza namba ni ya nani. Yangu. Simu iko wapi? Nikatumwa nyumbani pamoja na karani na kaka yako, nikafungua kasha mbele yao.

Mimi simu niliiweka juu ya mbao tupu, bila ya kitambaa. Tuliikuta imefungwa ndani ya kanga ya mama, kwa fundo lake lile lile la kufungia kila kitu chake. Karani akaibonyeza, ikabaki kiza. Kanga ilikuwa mbichi, inanuka tui. Kaka yako alitoka bila ya viatu vyake, na mpaka leo hajavifuata.

Kadhi akasema talaka ya maandishi hutaka nia, na simu haina nia. Nawe ukanitetea: "Sheikh, mume wangu hajui kusema kwa maneno machache. Huyu si yeye." Nikatabasamu kama bwana harusi. Nilitabasamu mapema.

"Kwa hiyo mume hajaniacha," ukamwambia kadhi. "Na huyu aliyeniacha, nikaishi naye vipi nyumba moja?"

Ukaomba talaka ya mdomo, nami nikakupa moja, moja tu, kama mtu anayerudishia mlango bila ya komeo.

Sasa nnaishi na kasha. Kila laasiri, nikishasali, nasikia nazi inakunwa jikoni. Kru, kru, kru. Mbuzi hamna ndani ya nyumba, hata ile yako iliyolegea iko kwa fundi. Nikiingia sioni kitu, sakafu kavu. Juzi nikatia mzaha wangu nikiwa ukumbini, nikauliza, "Mama, hiyo mbuzi umeazima kwa nani?" Sauti ikakoma, kama mtu aliyegeuka kutazama. Nikakaa pale mpaka magharibi, sikuthubutu kukohoa. Tangu siku hiyo sipayuki tena, Zuhura. Nyumba kimya, na hapana wa kunambia ninyamaze.

Eda yako haijesha. Kukurejea kunataka neno langu moja tu, na nitalisema kwa mdomo huu huu, si kwa simu. Lakini kwanza nakudai kitu. Mbuzi nilikuazima, na chombo cha watu hurudishwa na aliyekiazima. Ningekuja kuifuata mwenyewe, ila aliyetumiwa ujumbe ni wewe, si mimi. Basi niletee. Usiilete mikono mitupu, tia na nazi moja. Ivushe kizingiti kwa mkono wako, uifunge kwa kanga ya mama, uiweke kwenye kasha, umwambie ahsante.

Mimi nitakuwa mlangoni, na chai tayari.

Mume wako mpaka eda ishe,
Seif