Nifunge Kiyoyozi, au Niongoze Msafara na Kiti Kitupu?

Mpendwa Mshauri, nisaidie kabla sijatoboa, maana drili iko mezani, waya umechomekwa, na mkono wangu umegoma kuinyanyua.

Mimi ni fundi wa kunyoosha bodi za magari, nimeshika nyundo tangu sijaota ndevu, na wala sijisifu, ndivyo watu wenyewe wanavyosema, kwamba gari likipita mikononi mwangu hata aliyeligonga hakumbuki aligonga wapi, lakini kazi zote hizo ni za watu, ya kwangu mwenyewe ni moja tu, nayo ni gari dogo la spoti la zamani, la viti viwili, jekundu lililokoza, lenye paa la turubai la kukunja, ambalo nililikuta nyuma ya ghala moja kuku wametaga kwenye kiti cha dereva, na mwenye ghala akaniambia, “Ukitaka mayai chukua, ukitaka bati chukua, ila ufunguo usiniulize.” Nikachukua bati.

Mshauri, lazima ujue nimefanya nini, la sivyo hutanielewa. Matundu yote ya kutu niliyaziba kwa bati nililolipiga kwa mkono, si kwa kupakaza puti kama wanavyofanya wavivu, na skrubu nilizitafuta zile zenye mstari mmoja kichwani, kwa sababu gari hilo lilipotengenezwa zenye alama ya msalaba hazikuwekwa, nikazunguka kwa wauza vyuma chakavu mpaka wakaniita Mstari Mmoja, jina likaganda, na dashibodi ni mbao ile ile, nimeipiga msasa na vanishi mpaka ukiinama unaona meno yako. Kwenye maonyesho ya chama chetu cha magari ya zamani, majaji huja na kioo kilichofungwa kwenye kijiti, wanakipitisha chini ya gari wakitafuta nati moja tu ngeni wakukate alama. Chini ya gari langu walitafuta mpaka migongo ikawauma. Tukapewa nafasi ya kwanza katika kundi la magari ya asili, na mwaka huu chama kimekata kauli kwamba gari langu ndilo litakaloongoza msafara wa kupita mjini, mbele kabisa, nyuma ya pikipiki ya polisi, na kila nikiliwaza hilo natembea kifua mbele hata nikienda dukani kununua chumvi.

Sasa shida yenyewe ni mke wangu. Yeye ni fundi cherehani, anashona sare za shule katika chumba chetu cha mbele, na ndiye aliyekuwa mwenye kiti cha pili tangu siku gari lilipowaka kwa mara ya kwanza, Jumapili tulikuwa tunatoka wawili, paa limekunjwa, kitambaa chake cha kichwani kinapepea, anapunga mkono kwa watu asiowajua kama ndiye aliyealika mji mzima. Lakini siku hizi amepatwa na yale mambo ya akina mama wa umri wake, joto linampanda ghafla kutoka kifuani mpaka utosini, jasho linamtoka kama kamwagiwa maji, moyo unamwenda mbio, muuguzi akamwambia ni kawaida itapita, nayo haijapita, na ukichanganya na jua la juu na moto wa injini miguuni na foleni isiyosogea, anashuka garini amelowa, amechoka hata kusema hawezi.

Usidhani nilikaa kimya. Kiyoyozi sikutaka kukisikia, maana gari lile halikuzaliwa nacho, kwa hiyo nikabuni la kwangu: nikatafuta beseni la bati la enzi zile zile, kwa kuwa la plastiki lingetia aibu, nikaweka bonge la barafu, nikafungia kifeni cha betri, nikaliweka miguuni pake. Mshauri, likapuliza! Mpaka tunafika mzunguko wa kwanza mke wangu anatabasamu, amefumba macho, nami najiona bingwa. Tulipokata kona iliyofuata barafu lilikuwa limeshayeyuka, beseni likalala upande, maji yote yakamwingia viatuni na kwenye pindo la gauni, na tulikuwa tunakwenda kwenye harusi ya binti wa dada yake. Nikasimamisha gari pale pale kando ya barabara, nikainama, nikashika zulia, na nashukuru halikuharibika, maana zulia lile halipatikani tena popote. Mke wangu akashuka, akavua viatu, akamwaga maji yaliyokuwamo, akasema, “Pole na zulia.” Tangu siku hiyo hajapanda tena.

Hagombani nami, hapana. Nikimwambia twende, anasema, “Nenda tu mume wangu, mimi nina sare za kumalizia,” hata shule zikiwa zimefungwa.

Basi nikatafuta ushauri kwa wenzangu. Mwenyekiti wa chama, mtu mzuri ila mdomo wake hauna breki, alicheka mpaka akaegemea boneti. “AC kwenye gari la wazi? Si ufungue friji uani upoze mtaa mzima!” Kisha akakaza uso, akasema nikifunga kitu hicho gari langu linatolewa kundi la asili na kutiwa katika yaliyobadilishwa, na yaliyobadilishwa hukaa mkiani mwa msafara, na mbele atakaa yeye. Fundi wa viyoyozi akasema inawezekana, ila lazima atoboe mbao ya dashibodi. Mwanachama mwingine akasema shemeji atazoea tu.

Na usiniambie nifunge paa, kwa sababu paa likifungwa dashibodi haionekani. Ingawa paa lenyewe, siwezi kuficha, ni zuri mno, na alilishona mke wangu: lile la zamani lilikuwa limeoza, akalifumua uzi kwa uzi, akatandaza vipande sakafuni akavipimia, akakata turubai jipya, akavunja sindano za kutosha, na alipolimaliza, jaji mmoja akalipapasa akasema, “Hili bado ni lile la kiwandani, hongera sana,” na mimi nikasema asante, maana sifa kama ile unaiharibuje? Mke wangu alikuwa amesimama pale pale, ameshika mkoba wake, akatabasamu. Mpaka leo nikikumbuka naona fahari.

Msafara umekaribia. Nikitoboa, nimeliharibu gari na nafasi ya mbele nimeipoteza. Nisipotoboa, nitapita mbele ya macho ya watu wote na kiti kitupu pembeni, na kibaya zaidi mwenyekiti amejitolea kukikalia yeye. Nifanyeje, Mshauri?

Ni mimi, Mstari Mmoja.

MSHAURI ANAJIBU

Mstari Mmoja, kaka yangu,

Kwanza hongera, nasema kwa moyo mweupe. Mtu aliyelitoa gari chini ya kuku akalifikisha nyuma ya pikipiki ya polisi ana haki ya kuvimba kichwa kidogo. Barua yako niliisoma kwa sauti hapa ofisini, na dereva wetu akaiacha chai yake ikapoa.

Sasa chomoa waya wa hiyo drili. Leo hutoboi kitu. Kaa nikuambie, na usinikatize.

Mkeo kavaa gauni la harusi, maji yamejaa viatuni, na wewe unainama kushika zulia! Bwana wee, umeniandikia hilo mwenyewe, tena kwa kushukuru. Yeye akakupa pole. Ningekuwa mimi, ungerudi nyumbani na beseni kichwani. Ulihangaika kutafuta beseni la enzi zile ili gari lisione aibu, na aibu yote ukamwachia yeye mbele ya ukoo wake. Hilo unamwomba radhi, tena kwa maneno, si kwa kumletea soda.

Joto lake ni la kweli. Mwili unapokoma hedhi hufanya hayo, si maringo na si jambo la kunong'onezwa kama la haramu. Huyo anayesema shemeji atazoea, mvalishe koti zito umkalishe kando ya jiko mchana, kisha umuulize kama amezoea. Na kama moyo unamwenda mbio mara kwa mara, mpeleke kwa daktari, mwingie nyote wawili, usikae nje kulinda gari.

Lakini joto peke yake halimzuii mtu kupanda gari Jumapili jioni jua likishapoa. Mtu anayemalizia sare shule zikiwa zimefungwa anakuambia kitu kingine. Umemuuliza mwenyekiti, umemuuliza fundi wa viyoyozi, umemuuliza mwanachama asiyejua lolote, na sasa unaniuliza mimi nisiyewahi kuliona gari lenyewe. Nimerudia barua yako nikitafuta mahali ulipomuuliza mkeo anataka nini. Sikupaona.

Tuje kwenye paa. Jaji kasema ni la kiwandani, aliyelishona kasimama hapo hapo, na wewe ukasema asante. Alitabasamu, ndiyo. Sisi wanawake tunajua sana kutabasamu tukiwa tumeshika mkoba. Ulimnyima sifa yake mchana kweupe, halafu tangu siku hiyo kazi yake umeikunja nyuma ya viti ili watu waone vanishi yako. Hata mimi ningekuwa na sare za kumalizia.

Na kuna jambo umelikwepa, au hukuliona, nami sikufichi. Gari unaloogopa kulibadilisha lilikwisha kubadilishwa. Turubai ni jipya, uzi ni mpya, na mkono uliolishona haukutoka kiwandani, umetoka chumba chenu cha mbele. Si la asili tena tangu siku mkeo alipotia mkasi kwenye kitambaa kile. Majaji na kioo chao hawakugundua kwa sababu kazi yake imewashinda macho. Kwa hiyo ile nafasi ya mbele unayoililia, kaka, unaishikilia kwa kunyamaza. Mimi ningekuwa na mke mwenye mkono kama huo, ningelifunga paa nikalizungusha mtaani hata kama mvua hainyeshi wala jua haliwaki, watu waulize tu.

Basi fanya hivi. Nenda kwenye mkutano wa chama, simama wakati wote wamekaa, sema paa la gari lako limeshonwa na mke wako. Mtaje kwa jina lake kamili, si “mama watoto”. Mwenyekiti atakutoa kundi la asili, naye atapata mbele anayoitaka. Mwache aipate. Utaumia, najua, jasho lako limo humo. Lakini ukikaa chini utakuwa mtu ambaye hana cha kuficha, na hicho kioo cha majaji hakitakutisha tena.

Ukitoka hapo, nenda nyumbani umuulize mkeo, “Unataka tufunge kiyoyozi?” Ukishauliza, funga mdomo mpaka ajibu, hata kama atamaliza kwanza kushona kola. Akisema hataki, anataka tu mtoke asubuhi mapema, mambo yameisha na umeokoa nguvu zako. Akisema anataka, kifunge, wala usiombe ruhusa ya mtu.

Ila huyo fundi mwenye haraka ya kutoboa mbao, mkimbie. Dereva wetu, ambaye amehangaika na magari makuukuu maisha yake yote, anasema kompresa, ile pampu ya kiyoyozi, hushikiliwa na kipande cha chuma kinachofungwa kwenye matundu ya bolti ambayo injini inayo tayari. Wewe ni mtu wa bati na nyundo, kichonge mwenyewe. Sanduku la kupulizia baridi lining'inie chini ya dashibodi, mipira ya gesi ipite pale waya zinapopita, na mbao yako isiguswe. Dinamo ya zamani haitatosheleza umeme wa kiyoyozi, weka alteneta yenye nguvu zaidi mahali pake, na uongeze feni ya umeme mbele ya rejeta, la sivyo utampoza mkeo huku unachemsha injini. Kila kifaa cha zamani utakachokitoa, kipake grisi, kifunge kwenye kitambaa, kihifadhi, ili siku moja atakayependa kukirudisha akirudishe. Gari halifi kwa kufungwa nati. Umelifufua likiwa bovu kuliko hapo.

Na mwenyekiti akirudia utani wake wa friji, mjibu kwamba gari la wazi lina paa, na paa limeshonwa ili lifungwe. Jua kali na foleni, mnafunga na kuwasha. Njia ikifunguka na hewa ikiwa nzuri, mnazima na kukunja. Hata hilo la kukunja na kufunga mwachie yeye aamue.

Siku ya msafara mtakuwa mkiani pamoja na yaliyobadilishwa, na usinune. Kaeni na paa limefungwa sawasawa, kila mshono umenyooka, na mtu akiuliza limetengenezwa wapi, mwonyeshe aliyekaa pembeni yako, kwa sauti ya kusikika. Jivune hapo mpaka uchoke, nimekuruhusu. Lakini kabla ya hapo mfungulie mlango, akae vizuri, uwashe kiyoyozi, unyamaze. Usiondoe gari mpaka yeye mwenyewe aseme baridi imetosha, hata kama msafara wote umekwisha kuondoka.