Herufi Zilizo Ndani ya Bunduki ya Babu

Hinterreuth,
Ujerumani.
22 Oktoba 2024

Mpendwa Bibi Roswitha,

Najua si adabu kutanguliza jambo lingine kabla ya salamu, lakini nikianza na salamu nitaingiwa na woga na barua itaishia hapo. Kwa hiyo nalitoa kwanza: ni mimi niliyeiharibu bunduki ya upepo ya ndugu yako, Babu Alois. Niliitia mafuta pasipotiwa mafuta, ikalia kama bomu na kutoa moshi mikononi mwangu, kisha ikalala vipande vipande chini ya kitanda changu kwa siku kumi na moja. Hadi juzi sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Nilipoanza kufikiria nani anaweza kulisikia jambo hili bila kupiga kelele, nilikuona wewe tu.

Sasa shikamoo, Bibi. Jicho lako lililofanyiwa upasuaji linaendeleaje? Je, mvua za huko Blumenau, ng'ambo ya bahari, zimepungua, au bado unalaza viatu juu ya meza kwa kuogopa mafuriko? Sisi hatujambo. Mama anakohoa kidogo kwa sababu ya ukungu, viazi vyote vimeshatoka shambani, na mimi nilimaliza shule mwezi wa Julai. Nimetimiza miaka kumi na minane na bado nasikia aibu kuagiza mkate dukani.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa kuwa tableti yetu hukaa jikoni, na Babu husoma kila ujumbe unaoingia, tena kwa sauti.

Nianze mwanzo. Tangu theluji ilipoyeyuka, alama za Babu kwenye klabu ya shabaha zilikuwa zinashuka. Risasi moja inapiga chini kidogo, inayofuata chini zaidi. Alisema ni macho. Mwezi wa Agosti akamwambia Mzee Kilian, msimamizi wa klabu, kwamba mwisho wa Oktoba atarudisha ufunguo wa kabati lake na bunduki itatundikwa ukutani. Miaka hamsini, Bibi, na bunduki ileile uliyomnunulia wewe pale kiwandani ulipokuwa ukifanya kazi! Na bado hajawahi kuwa mfalme wa shabaha, bingwa wa mwaka wa klabu, hata mara moja. Alichowahi kupata ni nafasi ya pili mwaka themanini na tatu, akarudi nyumbani na mnyororo wa soseji shingoni, na mbwa akamfuata njia nzima.

Mimi ndiye ninayembadilishia karatasi za shabaha, kwa hiyo namtazama kwa karibu kuliko wengine. Mkono wake unatetemeka akishika kikombe. Akishaegemeza kitako cha bunduki shavuni, unatulia. Nikawaza: kama mkono umetulia na macho yamepimwa mwezi wa tano, mbona tunamlaumu yeye tu?

Alipokwenda wiki tatu kwenye hospitali ya mazoezi kwa ajili ya goti lake jipya, niliazima kile kisanduku cha klabu kinachopima mwendo wa risasi. Kwa kawaida bunduki yake hutoa mita mia moja na sabini kwa sekunde, na kila risasi karibu sawa na mwenzake. Mimi nilipata mia sabini na moja, mia hamsini na nane, mia sitini na nne, mia arobaini na tisa. Hakuna mtu anayeweza kulenga vizuri kwa bunduki inayobadilisha nia kila mara. Nilifurahi mpaka nikaruka peke yangu pale kwenye banda. Babu hakuwa amezeeka! Ilikuwa bunduki!

Furaha ndiyo iliyoniponza. Nilidhani imekauka tu, kama bawaba ya mlango, nikadondosha matone matatu ya mafuta ya cherehani kwenye tundu la kupitishia upepo. Wewe uliyeziunganisha bunduki hizi kiwandani miaka tisa umeshashika kichwa, najua. Mimi sikujua kwamba pistoni ikiminya hewa kwa ghafla, joto hupanda mpaka mafuta yanawaka kama ndani ya injini ya dizeli. Kishindo kilimtoa Mama nje na mwiko mkononi.

"Vroni! Ni nini hicho?"

"Ubao umeanguka, Mama."

Huo ndio uongo wa kwanza niliowahi kumwambia ukaaminika. Risasi zilizofuata zilifika kwenye shabaha kama zimechoka njiani.

Ilibidi niifungue. Nilikumbuka ulipotutembelea, jinsi ulivyotuambia mezani kwamba springi ile haina urafiki na mtu, kwamba ukiifungua ukae upande wake wala usiweke uso mbele. Nilitumia klampu mbili za useremala za marehemu baba na nikakaa upande. Ilitoka polepole, mzunguko baada ya mzunguko, nami nilikuwa nahesabu kwa sauti ili nisilie. Kisha pistoni ikatoka. Ile sili ya mbele, kikombe kidogo cha plastiki kinachozuia upepo usivuje, ilikuwa imegeuka makombo ya manjano. Niliigusa kwa ukucha ikamomonyoka kama ganda la jibini la zamani. Kumbe ilikuwa imeoza yenyewe kwa umri, na mimi na mafuta yangu tulimalizia tu.

Niliagiza sili mpya kwa fundi mmoja wa kaskazini anayezitengeneza kwa plastiki ya kisasa isiyooza upesi. Nilipokuwa naisubiri, nilisafisha kila kitu kwa kitambaa na pamba za masikio. Ndipo nikaona ndani ya pistoni, mahali ambapo jicho halifiki mpaka uimulike kwa tochi, herufi zilizokwaruzwa kwa ncha ya sindano: R.K. 12.3.74.

Ni wewe, Bibi. Nililia hapo hapo sakafuni, sijui kwa nini. Mama aliwahi kuniambia kwamba mafundi wa kiwandani walikatazwa kabisa kuacha alama zao, kwa hiyo naelewa kwa nini hukusema. Lakini kuna jambo usilolijua wewe. Chini ya herufi zako kuna nyingine, kubwa na zilizopinda kama mwandiko wake wote: A.K. 1996. Babu aliwahi kuifungua. Aliona jina lako, akaweka lake chini yake, akafunga, na hajamwambia mtu kwa miaka ishirini na minane.

Hapo nilielewa jingine, na hili lilinichoma. Mtu aliyewahi kubadilisha sili anajua kabisa bunduki yenye sili iliyokufa inavyopiga. Alijua si macho. Vidole vyake haviwezi tena kukaza klampu, na angemwomba Mzee Kilian, kijiji kizima kingejua kabla ya chakula cha mchana. Akaona bora arudishe ufunguo.

Sili ilifika kwa posta. Nilikosea tena mara ya kwanza kwa kuweka grisi nyingi, bunduki ikatoa moshi mwembamba na namba zikapanda juu mno. Nikafungua, nikafuta, nikaweka kiasi cha mtu kupaka mdomoni wakati wa baridi. Niliipiga risasi mia moja ili itulie. Kisha zikaja: mia sitini na tisa, mia sabini, mia sitini na tisa, mia sabini. Nikachukua kopo moja la zile risasi zake za mwaka themanini na nane, zile alizonunua makopo arobaini siku moja kwa kuwa bunduki ilizipenda, nikaibana bunduki kwenye jiliwa na kupiga tano. Zilipita kwenye tundu moja, upana wake kama punje ya dengu.

Babu alirudi Ijumaa. Jumapili, baada ya kanisa, tulikwenda klabu. Mzee Kilian alikuwa ameegemea kaunta na bia yake.

"Ehe, Alois! Umerudi? Sisi tulishagawana kabati lako."

"Gawaneni. Kuna soksi moja, nayo ina tundu."

"Na ufunguo?"

"Oktoba haijaisha."

Alisimama mahali pake, akavuta wenzo, akalenga. Niliangalia viatu vyangu. Risasi ya kwanza ilipiga kumi. Ya pili kumi. Baada ya risasi ya tatu hakuvuta wenzo tena. Aliigeuza bunduki, akainusa kwenye tundu la kupakilia.

"Goti jipya," Mzee Kilian akasema, "au wamekuwekea na macho mapya hukohuko?"

"Macho yaleyale. Nyamaza nisikie."

"Usikie nini?"

"Inavyopumua."

Akapiga saba zaidi. Sikuthubutu kuzihesabu, lakini Mzee Kilian alizihesabu, na aliacha bia yake iishiwe povu.

Mchana, nyumbani, nilikuwa namenya viazi na Babu anapanga sahani. Hakunitazama.

"Springi ilikurukia?"

Kisu kilinidondoka. "Hapana, Babu."

"Ulikaa upande?"

"Ndiyo, Babu."

"Vizuri." Akaweka uma karibu na kila sahani, akaurekebisha mmoja. "Mafuta ya cherehani yananuka mwezi mzima, ujue."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikamwambia yote kwa mkupuo: matone matatu, kishindo, ubao ulioanguka, chini ya kitanda. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka.

"Matone matatu? Mimi mwaka tisini na sita nilitia matano. Nyusi zangu hazijarudi sawa mpaka leo."

Kwa hiyo, Bibi, lile nililokuungamia mwanzoni halihitaji tena kufichwa. Ningeweza kulifuta, lakini nimeshatumia wino na pia nataka ujue nilivyoogopa. Jana Babu alikwenda mjini na kurudi na ufunguo wa pili wa kabati, mpya, umening'inizwa kwenye uzi mwekundu. Aliuweka karibu na sahani yangu. Jumapili ijayo ni siku ya kupiga risasi moja tu ya ufalme, na kwenye orodha ukutani kuna A. Kolbeck, na chini yake, kwa mwandiko wake uliopinda, V. Kolbeck. Tutatumia bunduki moja, yeye kwanza, mimi baadaye. Hata tukirudi na mnyororo wa soseji, nitauvaa barabarani mchana kweupe.

Na mwezi ujao, tarehe kumi na tano, nimeitwa kwenye usaili kwa fundi wa bunduki wa mji wa Weiden anayetafuta mwanafunzi. Wataniuliza maswali nami itabidi nijibu kwa sauti. Niombee nisinong'one.

Nisalimie Mjomba Egon na wajukuu wako wote, hasa Ilse mdogo aliyenitumia picha ya kasuku. Mama anakusalimu, na Babu pia, ingawa hajui kwamba nakuandikia. Mungu akulinde jicho lako na mikono yako iliyofunga springi ngapi sijui.

Limebaki moja tu. Kabla sijaifunga bunduki mara ya mwisho, nilichukua sindano, nikawasha tochi, na chini ya herufi zako na za Babu nikakwaruza V.K. 2024. Fundi wa kaskazini anasema sili hii itadumu miaka thelathini. Hadi siku hiyo, Bibi, tafadhali usimwambie mtu.

Mjukuu wako akupendaye sana,
Veronika