Mwanahawa Hakumwita

Hyattsville, Maryland

Mama yangu, shikamoo. Naiweka miguuni pako kwa mikono yote miwili, kama ningekuwepo. Mguu wako umekubali dawa, au bado unakuamsha kabla ya mwadhini? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio uko nusu. Na wewe dada yangu Mwajuma, unayemsomea Mama, kaa karibu naye. Soma polepole, usiruke mahali kwa kuona haya. Nakujua.

Mama, kaseti yako imenifika. Niliisikiliza jikoni peke yangu, nikamsikia hata jogoo wa jirani, nikacheka. Halafu nikasikia uliyoyasema juu ya Mwanahawa, kicheko kikanikauka. Umesema mwanamke aliyemwita mumewe kwenye kifo asikanyage kizingiti chako. Umesema hata eda hakukaa, alipaka mdomo rangi akaenda kuuza manukato na kaburi la Idi bado bichi. Sikukasirika. Aliyezikwa ni mwanao, na wewe maneno umeletewa. Ila mimi najua yalikotungwa, na leo nataka nikueleze.

Kwanza kazi yangu, maana mambo yameanzia hapo. Watu wasikwambie mwanao anafagia tu. Nafagia, ndiyo, lakini nikishafagia navaa koti jekundu la vifungo vya kung'aa, nasimama kwenye mlango wa sinema, na hapiti mtu mpaka mimi nimchanie tiketi. Hata wakubwa wa serikali, ambao huku Washington ninakofanya kazi wamejaa kama kunguru wa sokoni, wananiambia ahsante bwana. Mwanao wa darasa la sita!

Sinema yetu inaonyesha filamu za zamani, zile nyeusi na nyeupe. Karibu zote zina mwanamke mmoja wa namna moja. Anatokea gizani, kofia imemfunika jicho, sigara mkononi haijawashwa. Anamwomba mwanamume kiberiti. Akishaomba kiberiti, Mama, yule mwanamume mhesabu amekwisha. Ataacha kazi, ataiba, ataua mtu, mwisho atakufa yeye, na bibi anatengeneza kofia yake. Siku ambazo watu ni wachache nilikuwa nawapitisha wenzetu bure, Bi Rukia wa Mombasa na shoga zake, wakitafuna bisi na kupiga kelele: "Usimpe kiberiti, mjinga wewe!" Wazungu wakigeuka, mimi najifanya siwajui.

Basi msiba wetu ulipotufika, wakautazama kama filamu.

Mwanahawa anauza manukato kwenye duka kubwa kule Wheaton. Siku ile theluji ilianguka tangu asubuhi mpaka mabasi yakasimama. Alasiri nilikuwa nimepita kwenye chumba walichopanga; simu ikalia, Idi akapokea. Mimi nilikuwa navua viatu, nikamsikia upande wake tu: "Nakuja. Nakuja, nakuja." Akachukua ufunguo wa gari, akanitania kwamba mimi theluji naiogopa kama paka, akatoka. Gari likateleza njiani likaingia chini ya lori. Mengine unayajua.

Msibani watu wakaniuliza, nikawajibu nilichokisikia: simu ililia, Idi akasema nakuja. Wao wakajaza palipobaki. Mke kamwita, katika hali ile! Kisha, wiki chache baadaye, Bi Rukia akamwona Mwanahawa dukani. Nilipopita kwa Bi Rukia nikamkuta na shoga zake kwenye kahawa.

"Wallahi nimemuona kwa macho yangu haya," anasema. "Mdomo mwekundu kama damu! Na kitambaa cheupe kajifunga mkononi, eti pambo. Mjane gani huyo?"

"Ndiye yule wa kwenye filamu za Bakari," shoga yake akadakia, akinielekezea kidole. "Amebakisha kiberiti tu."

Wakacheka. Nikaiacha kahawa yangu pale pale, nikaenda kazini.

Nilisimama nyuma ya viti nikaitazama filamu ile ile niliyoiona hata nikachoka nayo, na Mama, nikaona kitu ambacho shule haikunifundisha. Katika filamu zile anayesimulia ni mwanamume. Anasimulia tangu mwanzo, hata risasi iko tumboni bado anasimulia. Yule mwanamke hakuna anayemuuliza chochote. Nikajiuliza, na huyu wa kwetu, nani kamuuliza? Siku ya mapumziko yangu nikapanda basi kwenda Wheaton.

Nilimkuta anamaliza shifti, amekaa kwenye benchi nyuma ya duka, anajifuta mdomo kwa karatasi yenye maji. Aliufuta mpaka ngozi ikawa nyekundu kuliko ile rangi. Kuniona akasema, "Shemeji, umeniletea kiberiti?"

Kumbe yalishamfika. Sikujua niuweke wapi uso wangu.

Nikamuuliza habari ya rangi. Akaniambia bosi wake hataki muuzaji wa manukato asiyejipaka. Alikaa ndani siku walizompa, walipomwita akaomba aongezwe, wakamjibu arudi au wamchukue mwingine. Chumba kile walikilipia yeye na Idi, sasa yuko peke yake. Akarudi. Ila kila akitoka anajifuta kabla hajapanda basi. Na kile kitambaa? Kazi yake ni kuwapulizia wateja manukato kwenye vikadi, nao wanuse. Anajifunga kitambaa kiganjani mpaka juu, tone lisimguse ngozi, kwa kuwa mwenye eda hajitii harufu nzuri. Hilo ndilo pambo la Bi Rukia, Mama. Eda yake alikuwa anaikaa humo humo dukani, katikati ya chupa.

Nikamuuliza, "Na simu?"

"Nilimwambia asije."

"Mbona nilimsikia akisema nakuja?"

"Alisema. Nikamwambia Idi usije, nalala kwa mwenzangu. Akasema nakuja. Nikamwambia barabara mbaya, nakuomba. Akasema nakuja nakuja, akakata."

Huyo mwenzake, mama mmoja Mfilipino, alikuwa anafunga koti pale pale. Nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha mlangoni. Akaniambia ndiyo, alikuwa kando ya simu akamsikia Mwanahawa anabembeleza, na kwake alishamtandikia. Akaanza kulia kabla yangu.

"Sasa kwa nini hukusema?" nikamuuliza Mwanahawa.

"Niseme marehemu alikatazwa akashupaa? Mama yake alale kila siku akijua mwanawe amekufa kwa ubishi wake? Bora anichukie mimi. Mimi niko hai, naweza kuchukiwa."

Mama, nilimchukulia mkoba wake, nikamsindikiza mpaka kituo cha basi.

Sasa nimelisema alilotaka kukufichia, na naomba nisiwe nimekuumiza mara ya pili. Idi unamjua. Akiambiwa asipande mti, keshafika juu. Alimpenda mkewe, hakuvumilia alale kwa watu. Ni hivyo tu.

Bi Rukia nilimweleza kisa cha kitambaa tu, la simu sikumwambia. Kesho yake akapanda mabasi mawili kumpelekea Mwanahawa mikate ya kumimina. Si mtu mbaya, filamu zangu ndizo zimemharibu.

Mwanahawa ameacha kazi. Mama hana, baba hana, bibi aliyemlea naye amekwenda. Siku za eda zilizobaki anataka azikae vizuri, ndani, chumbani kwa Idi, kwako. Shehe wa hapa amemwambia aliye peke yake ugenini ana udhuru wa kusafiri. Akifika mpe maji aoge, mtandikie, msimuulize kitu kwanza. Na ukilia, lia naye, maana hapa amelia bila mtu.

Nisalimie mjomba fundi saa, mwambie saa yake inakwenda vizuri kuliko mimi. Msalimie shangazi wa vitumbua, na shemeji mume wa Mwajuma, na watoto wote, na babu mwadhini aliyemsomesha Idi juzuu.

Barua hii inakuja kwa mkono wa mwenzetu wa Pangani. Mwanahawa anafuata baada ya wiki moja, kabla neno lako halijaweza kunirudia. Kwa hiyo Mama, jibu lako sitalisoma mimi. Atalisoma yeye, usoni mwako, mlango utakapofunguka.

Ni mimi mwanao uliyebakiwa naye,
Bakari