Ingobyi Niliyoirudisha

Ulyankulu, Tabora
14 Septemba 2014

Dada yangu mpendwa Godeliva,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba huko Makamba mmeanza kuandaa mashamba kwa heri. Sisi huku hatujambo. Mama mdogo mguu umepona, anateka maji mwenyewe na kugombana na kuku wake kama kawaida.

Barua nimempa Mzee Nizigiyimana, anayekuja huko kuwaona nduguze. Utashangaa kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu nimekudanganya mara tatu tangu Baba afariki mwezi Juni, na naona mdomo wangu umeshazoea. Labda mkono utaona aibu.

Unajua kwamba nyumbani simu haishiki mpaka upande kilimani, shuleni. Baba alipokuwa na nguvu tulipanda pamoja kila Jumapili baada ya misa, azungumze nawe kwenye kitochi changu. Mwezi Mei miguu ikamkatalia. Hapo akaniambia kwamba sauti yako ameisikia ya kutosha, sasa anataka kuuona uso wako, kwani tangu mpande lori la kurudi Burundi mwaka 2009 hamjaonana. Nikamjibu, kifua mbele, kwamba mimi ndiye mwalimu wa kompyuta, nitakuteremsha mpaka kitandani kwake.

Ndiyo sababu nilikusumbua uende kila Jumatano kwenye ile kafe ya intaneti, ukae mbele ya kamera. Shule ilikuwa imepewa kompyuta mbili za mapajani, kuukuu, zinazotumia mfumo wa Linux badala ya Windows. Moja ningeiacha ofisini na modemu, nyingine niiweke kando ya Baba, zizungumze zenyewe hewani bila kifaa cha katikati. Mtandao wa namna hiyo huitwa ad hoc. Kutoka dirisha la ofisi paa letu linaonekana, nikadhani ni kazi ya siku moja.

Ya ofisini ilikubali. Ya nyumbani ikagoma. Ililiona jina la mtandao, ikajiunga, na kufumba na kufumbua ikaachia. Nilibadilisha chaneli, nikaondoa nywila, nikaandika anwani kwa mkono kwenye zote mbili. Nikatafuta draiva nyingine, yaani ile programu inayoiendesha kadi ya wayalesi, inayoshika mtandao bila waya. Nilipoiweka, kadi ikapotea kabisa, nikahangaika siku mbili kuirudisha ya kwanza. Kila nikiteremka Baba aliuliza kama umefika. Nilimwambia uko njiani.

Jumatano tatu ulikaa kule ukiangalia ukuta wa ofisi yetu. Nisamehe kwa hilo pia.

Nilikuambia kwamba Baba alifariki tukiwa tumebakiza kidogo tu, na kwamba hapakuwa na njia nyingine. Si kweli, dada. Siku ya tano niliiamuru kompyuta initajie kazi zote ambazo draiva ile inaziweza, na kuunganisha kompyuta kwa kompyuta haikuwamo. Niliisoma orodha mara mbili. Nilijua kwamba hata nikihangaika mwaka mzima haitawezekana, na sikumwambia mtu.

Na njia nyingine ilikuwapo. Jumatano ya pili jirani yetu Reveriani alikuja na wanaume watatu wamebeba ingobyi, ile machela ya kusuka ambayo watu wetu hubebea wagonjwa. Alisema watampandisha Baba mpaka ofisini, robo saa tu, akuone, kisha wamrudishe. Niliwazuia. Nilisema atapigwa na upepo, na kazi yangu inakaribia kwisha. Ukweli ni kwamba niliona haya. Wanafunzi wangu wote walikuwa uwanjani, na mimi mwalimu wa kompyuta nishindwe na kikapu! Jumatano iliyofuata walikuja tena, nikawarudisha tena. Jumamosi Baba akafariki.

Nilimnyima Baba uso wako kwa sababu ya kiburi changu. Najichukia, Godeliva. Darasani nafundisha huku naona haya kuishika kibodi.

Juzi nilikwenda kwa Reveriani kuungama haya. Akaniambia kwamba ile mara ya pili hawakuondoka moja kwa moja. Waliponiona nimepanda kilimani waliingia ndani kwa Baba, wambebe nipende nisipende. Baba ndiye aliyekataa. Aliwaambia kwamba ameshaona usoni mwangu kuwa mashine imeshindwa, lakini akibebwa mbele ya wanafunzi wangu mimi sitainua kichwa tena kijijini, na kwamba wewe utaelewa.

Sijui kama unaelewa. Mimi sielewi mpaka leo. Ukinikasirikia una haki, ila usiache kuniandikia.

Mama mdogo anakusalimu sana. Msalimie shemeji, na watoto waambie mjomba wao anawawaza. Mungu awalinde.

Ni mimi mdogo wako,
Dismasi