Ukurasa wa Tisa

Jumatatu, 4 Machi

Mwenyekiti wetu, Mweka Hazina, wanachama waasisi, wanachama mliojiunga baadaye, na wewe mgeni uliyeingia taratibu ukaketi nyuma karibu na mlango—

Miaka kumi na minne nafungua mikutano ya chama chetu cha wanawake wa soko kwa maneno hayo. Leo mkono umeyaandika wenyewe, humu ambamo hakuna mwenyekiti wala mgeni. Na yabaki. Pengine nitasema vizuri zaidi nikijifanya nimesimama mbele ya watu.

Saa nne asubuhi ujumbe uliingia kwenye simu yangu. Kampuni ya mikopo. Mwenye namba fulani amekimbia deni. Mimi niliye mtu wake wa karibu nimshauri alipe, nisije nikahesabiwa mshirika wa mwizi. Namba ni ya Bi Sindano, mshonaji wetu. Bi Sindano mwizi! Mwanamke anayemrudishia mteja hata vipande vya kitambaa vilivyobaki, tena amevikunja.

Kufika sokoni, nikakuta kila mtu ameupata. Muuza maji. Muuguzi wa zahanati. Mama mkwe wa binti yake. Na mwalimu mkuu aliyempa kazi ya sare mia na ishirini. Malipo ya mkopo ameyachelewesha siku tatu tu — mkanda wa cherehani ulikatika.

Jumatano, 6 Machi

Nimemkuta barazani kwake, cherehani imefunikwa shuka mchana kweupe. Ukutani vipimo vya watoto vimeandikwa kwa chaki: kifua, mkono, urefu. Herufi kubwa kubwa, alizojifunza mwenyewe kwa sababu ya kazi. Maneno mengine huyasoma kwa shida, silabi kwa silabi.

Mwalimu mkuu ametuma watu kurudisha vitambaa shuleni. Hawezi, asema, kumwachia mali ya wazazi mtu anayetafutwa. Atangoja hadi Jumatatu ya tarehe kumi na nane. Jina lisiposafishwa kufikia hapo, sare zinakwenda kwa fundi mwingine.

Hakulia. Alinipa kiti chenye mgongo, yeye akakaa kwenye kigoda, akaniuliza kwa adabu ileile ya siku zote:

"Mwalimu, maneno haya ya kuwaandikia watu waliomo ndani ya simu yangu, yalikuwamo siku ile uliyotusomea mkataba?"

Nikamjibu hayakuwamo.

"Basi wametuonea," akasema. Uso wake ukatulia. Ulitulia kwa sababu mimi nimesema.

Nilipofika nyumbani nilifungua kabati. Nakala ya mkataba ipo, katika bahasha ya kaki. Kurasa tisa. Nane zina alama zangu za penseli pembeni, mahali pa kupumulia. Ya tisa ni safi kama ilivyotoka mashineni.

Yamo. Mstari wa nne. *Mkopaji anaridhia kampuni itumie majina na namba zote zilizohifadhiwa simuni mwake, na kuwaarifu wenye namba hizo malipo yakichelewa.*

Nimefunga bahasha. Nimeifungua tena. Yamo bado.

Alhamisi, 7 Machi

Na niiandike siku ile ilivyokuwa, kabla sijajitungia nyingine.

Benki zilitutaka hati za nyumba. Sisi tuna meza za soko. Kampuni ilipokuja na mikopo ya simu, isiyodai hati wala mdhamini, wanachama walipiga vigelegele. Na aliyeileta alikuwa mwanangu — mtoto wa marehemu mdogo wangu, niliyemlea tangu ana miaka minne, niliyemfundisha herufi nyuma ya kalenda ya zamani. Afisa wa mikopo! Shati jeupe, kitambulisho shingoni. Nilijivuna hadi nikaona haya.

Nusu ya wanachama hawasomi. Kwa hiyo tuna kanuni, ya zamani kuliko uanachama wangu: karatasi ikija, Msomaji husoma kwa sauti, neno kwa neno, kisha hutamka, "Nimesoma yote." Kabla ya maneno hayo hakuna kidole kinachogusa wino.

Siku hiyo mashine ya kusaga iliyo nyuma ya ukumbi ilikuwa ikinguruma. Koo limekauka. Watu wana njaa. Nilipomaliza ukurasa wa nane, mwanangu aliinama sikioni mwangu: "Huo wa mwisho ni marudio tu, Mama Mkubwa. Porojo za wanasheria." Nikamtazama. Akatabasamu, tabasamu la mama yake.

Nikasema, "Nimesoma yote."

Vidole arobaini na vitatu.

Jumamosi, 9 Machi

Nilimwita mwanangu. Amekuja na mkate na sukari, kama kawaida yake. Niliuweka ukurasa mezani, kando ya kikombe chake.

Nikamwuliza kama siku ile alijua kilichoandikwa. Akazunguka: wakubwa wake, ushindani, kampuni zote hufanya hivyo. Nikamwuliza mara ya pili, kwa sauti ya darasani.

"Nilijua, Mama Mkubwa."

Kwa nini, basi, aliniambia ni marudio? Akaeleza kwa utulivu kwamba kampuni ilitaka kuleta msomaji wake. Ni yeye aliyewashauri wanitumie mimi.

"Afisa akisoma, watu wanauliza maswali. Ukisoma wewe, wanachovya kidole."

Alilisema kama sifa! Hilo ndilo lililonikata. Hakuwa akinitukana, alikuwa akinishukuru. Kwa kila kidole alilipwa kamisheni, na bati jipya juu ya kichwa changu linatokana na kamisheni hiyo. Sikulijua hilo. Sasa nalijua, na mvua ikinyesha nitalisikia.

Akamaliza chai, akaosha kikombe, akaniaga kwa heshima zote.

Jumanne, 12 Machi

Ofisi ya malalamiko ya watumiaji. Ghorofa ya pili, benchi refu, feni isiyozunguka. Karani ni mwanamke wa makamo, kalamu kaichomeka ndani ya nywele. Alisoma kurasa zote tisa bila kuruka — nilimhesabia.

Akafafanua: masharti lazima mkopaji aelezwe kwa namna anayoielewa. Bila hivyo ofisi inaweza kuizuia kampuni, na kuilazimisha iombe radhi kwa namba zilezile ilizoziandikia. Kwa mwalimu mkuu pia? Naam, pia. Lakini mkataba una tamko kwamba wote walisomewa yote. Hiyo ndiyo ngao yao. Labda msomaji mwenyewe akiri kwa maandishi kwamba ukurasa huo haukusomwa.

"Nani alisoma?"

"Mimi."

Aliitoa kalamu nywelani, akanisogezea fomu.

Anataka pia vidole kumi vya wanachama, baada ya wao kusomewa ukurasa huo wakauelewa. Faili likimfikia Jumamosi kabla ya saa sita mchana, barua inatoka Jumatatu asubuhi.

Fomu sijaijaza. Nimekuja nayo nyumbani. Aibu nyingine hiyo.

Alhamisi, 14 Machi

Mwenyekiti kapita, na mzigo wake wa ndoo za plastiki za kuuza. Nimemweleza yote. Akafikiri, akashusha sauti ingawa tulikuwa wawili: kwa nini tusiseme ukurasa wa tisa haukuwapo kabisa? Kwamba uliongezwa baadaye? Chama kinapona, jina langu linapona. Atakayeanguka ni afisa, na si ameyataka mwenyewe?

Kwa muda nililipenda wazo hilo. Naandika ukweli: nililipenda sana.

Kisha nikaona mwanangu akifungwa kwa kosa asilolifanya, ilhali nimeacha kumshtaki kwa alilolifanya. Na mimi nikisimama tena mbele ya watu walewale kuapa kuhusu ukurasa uleule. Nikamwambia hapana.

"Mwalimu, watakucheka," akasema. Si kwa ubaya.

Mwanangu kapiga simu mara saba. Sikupokea. Kisha akaandika: *Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma.*

Ndiyo. Ndiyo maana.

Nimejaza fomu.

Jumamosi, 16 Machi

Naandika nikiwa kwenye ngazi za nje ya ukumbi, daftari magotini. Saa nne na dakika arobaini.

Nilipoingia, Mama Mkaa, ambaye hajawahi kuniachia nipite bila utani, aliuliza kama nakwenda kuolewa, kwa gauni hilo. Wakacheka. Bi Sindano alikuwa amekaa nyuma, karibu na mlango, mahali pa wageni.

Nilianza kama siku zote. Mwenyekiti, Mweka Hazina, waasisi. Nilipofika kwa mgeni wa karibu na mlango, nilimtazama Bi Sindano. Nikaacha hotuba niliyoiandaa.

"Siku ile nilisema nimesoma yote. Sikusoma yote. Ukurasa wa tisa sikuusoma. Aliyeniambia niuache ni mwanangu, na niliyekubali ni mimi. Bi Sindano, uliponiuliza, nilikujibu bila hata kutazama."

Kisha Mama Mkaa, polepole: "Kumbe tulikuwa tunasikiliza redio iliyokatika." Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Nikawatangazia uamuzi. Fomu ya kukiri nimeitia sahihi, hii hapa. Usomaji wa chama nauacha leo. Lililobaki ni lao: ukurasa huu usomwe sasa, na si kwa sauti yangu, kisha kila mmoja aamue kama anatia kidole kwenye malalamiko. Ofisi inafunga saa sita.

Nikauweka ukurasa mezani, nikatoka.

Nasikia kupitia dirishani. Mwenyekiti anasema hana miwani. Mweka Hazina anasema yeye ni wa tarakimu tu. Mtu anauliza si Mwalimu arudi tu, kwani tutafanyaje? Mtu mwingine anasema *hapana*. Kiti kinaburutwa.

Ni Bi Sindano. Anaomba kwanza aliyekaa karibu na mlango wa nyuma akamwambie msagaji azime mashine.

Siku ile mimi sikuomba.

Mashine imezimika. Unga bado unaelea juani.

"M-ko-pa-ji," anasoma. "Mkopaji." Anapumua mahali ambapo mimi nisingepumua. Saa tano. Yupo mstari wa pili. Wa tatu. Saa tano na robo, wa nne. "Ma-ji-na. Na na-mba. Zo-te. Zi-li… zi-li-zo…"

Amekwama.

Nalijua neno. Limejaa kinywani. Nimeinuka, nimeketi tena.

"Usiharakishe, dada," namsikia Mama Mkaa. "Tupo."

Ameurudia mstari kutoka mwanzo.